Kofi Lisilo na Kodi

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani. Niliitafuta, nikakuta pale ilipostahili kuwapo pamepita mkunjo wa karatasi. Mwenye kuitambua basi kaitambua mwenyewe, mimi sikumwonyesha kidole. Nilikaa huko miezi kumi na minne nikinoa visu na mikasi kando ya jengo la Idara ya Mapato, na niliyoyaona nayasema bila kuongeza chumvi, maana chumvi nayo kule ina kodi.

Ni nchi nzuri, nianze hivyo. Watu wake hawapigi kelele. Jengo la Mapato lina ghorofa tisa na lifti inayopanda tu. Nilimuuliza mlinzi watu wanashukaje, akaniambia wanashuka kwa ngazi, kwani mtu aliyekwisha kulipa huwa mwepesi, lifti ya nini tena. Juu ya mlango wameandika kwa herufi za shaba: TUNAGAWANA MACHUNGU. Kusoma kwangu ni kwa vipande, darasa la kwanza nililisomea mahali pamoja, la nne mahali pengine, la pili sikuliona kabisa. Basi maneno yale niliyasoma mara nyingi, na kila nikiyasoma sikuelewa ni nani anamgawia nani.

Hapo ndipo nilipomjua Bi Kalunde Masanja. Alikuja na mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, ameufunga ndani ya khanga kama mtoto mchanga.

"Mzee, huu unanoleka au niuchimbie kaburi?"

"Unanoleka. Ulikuwa unakatia mawe, mama?"

"Magodoro. Miaka kumi na tisa."

"Na sasa?"

"Sasa nakatia njaa."

Kabla sijacheka akapita mama mmoja muuza maandazi. Alipomwona mwenzangu alilihamisha beseni lake kutoka bega moja hadi jingine, akaniambia mimi, si yeye: "Mzee, chunga hilo jiwe lako la kunolea. Huyo ndiye yule wa jora."

Bi Kalunde hakugeuka. Alinitazama kuona kama nitalisogeza jiwe. Sikulisogeza. Si kwa wema, jiwe lile ni zito. Lakini yeye aliona inatosha, akakaa kwenye ukingo wa barabara akanieleza habari ya jora.

*

Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha magodoro cha Mkurugenzi Pazi Lukindo. Siku moja jora zima la kitambaa cha maua likapotea stoo. Mkurugenzi hakuita polisi, kwa sababu polisi huuliza maswali. Alimwita Bi Kalunde, kwa sababu ndiye aliyekaa karibu na mlango. Wakachukua mfuko wa godoro, wakautoboa pa kupitisha kichwa, wakamvika. Kifuani waliandika kwa rangi nyekundu NIMEIBA JORA. Akasimamishwa getini siku tatu, tangu king'ora cha asubuhi hadi king'ora cha jioni, na wafanyakazi mia mbili wakapita mbele yake wakiingia na wakitoka.

Siku ya nne alitumwa nyumbani kwa Mkurugenzi kupeleka funguo za stoo. Akaliona jora. Lilikuwa limekatwa vizuri na kutundikwa madirishani, sebule nzima, maua yanapepea. Akasema kwa adabu, "Mkurugenzi, jora limepatikana." Akafukuzwa kazi saa ile ile, kwa kosa la kupeleleza mapazia ya kiongozi.

Alishtaki. Kesi ilikwenda miaka saba. Hakimu wa kwanza alistaafu, wa pili akapandishwa cheo, wa tatu alisinzia mpaka akahamishwa pamoja na kiti chake. Mwishowe Mkurugenzi alichoka kulipia nauli mashahidi wasiojua kitu, akaomba wapatane nje ya mahakama. Mapatano yalikuwa na mambo mawili. La kwanza, milioni thelathini. La pili, barua yenye mhuri wa kiwanda isemayo kwamba Kalunde Masanja si mwizi wala hajapata kuwa mwizi, ibandikwe getini, kisha apewe mwenyewe.

"Mimi nilisaini kwa ajili ya barua," aliniambia. "Nina cherehani nyumbani, nina mikono. Lakini tangu siku ile hakuna anayeniachia hata leso niipinde. Nani atampa mwizi kitambaa? Nikipata ile karatasi naitia kwenye fremu, naiweka juu ya cherehani, mteja akiingia anasoma kabla hajanisalimu."

"Na wasiojua kusoma?"

"Nitawasomea, mzee. Nimeihifadhi kichwani."

*

Siku ya kuchukua barua, ambayo kule hupitia Idara ya Mapato pamoja na fedha, nilikwenda naye. Sheria ya kule inataka kila mlipakodi aje na shahidi asiye na mwajiri, ili asimwogope mtu. Katika mtaa mzima asiye na mwajiri nilikuwa mimi na mbuzi wa mlinzi.

Tulipokewa ghorofa ya sita, dirisha la Mafarakano ya Kazi, na Bwana Semkiwa, Mkadiriaji Mkuu. Alikuwa mtu mpole, amevaa miwani mbili, moja ya kuangalia karatasi na nyingine ya kuangalia watu. Hiyo ya watu ilikuwa kwenye paji la uso muda wote.

"Hongera, mama," alisema. "Wewe ni tajiri."

"Mimi?"

"Milioni thelathini kwa mwaka mmoja. Uko daraja moja na wenye mabasi."

"Si za mwaka mmoja, mwanangu. Ni za miaka saba ya kukaa bila kazi, na siku tatu za getini."

"Zimeingia siku moja," alisema Bwana Semkiwa. "Mvua ya miaka saba ikinyesha siku moja, mama, tunaita mafuriko. Hatuiti manyunyu."

Akaanza kuandika. Mishahara aliyonyimwa, mapato. Usingizi aliokosa, mapato. Aibu, mapato.

"Aibu ni mapato?" aliuliza Bi Kalunde.

"Ulikuwa na aibu, sasa una hela. Hayo ni mauzo."

"Sikumuuzia mtu aibu yangu. Nilibandikwa."

"Na mnunuzi amelipa bei nzuri sana, nikwambie ukweli. Mwaka jana aibu ilikuwa chini mno."

Kisha wakafika kwenye ada ya wakili. Wakili wake, Bwana Chande, alikuwa amekwisha kukata milioni ishirini, kumi na tano za ushindi na tano za makaratasi. Zilizobaki kumi zilikuwa zimezuiliwa na Idara zikisubiri hesabu.

"Hizo ishirini mimi sijazishika," Bi Kalunde alisema.

"Lakini zimepita kwako."

"Hata upepo unapita kwangu."

"Upepo hauna risiti, mama."

"Na wakili naye anazilipia kodi?"

"Bila shaka. Kwanza analipa aliyezipoteza, halafu analipa aliyezipata. Serikali yetu haibagui."

Hesabu ikatoka. Kodi ya mtu wa daraja la wenye mabasi ilikuwa milioni kumi na mbili. Bi Kalunde alikuwa na kumi. Ndiyo kusema mama huyu, kwa kushinda kesi ya kudhulumiwa, alitakiwa kutafuta milioni mbili za kulipia ushindi. Nilimuuliza Bwana Semkiwa kama hapo hapajakosewa kitu. Aliipiga hesabu upya mbele yangu, taratibu, kwa kalamu ya risasi, na kweli haikukosewa. Niseme nini.

Halafu akaitoa barua. Karatasi moja, mhuri wa buluu. Bi Kalunde alinyoosha mkono.

"Hii nayo ni mali," Bwana Semkiwa alisema, akiivuta nyuma. "Jina safi. Kwa jedwali letu ni mali isiyoshikika, ina thamani. Itakaa kwetu mpaka upungufu ulipwe." Akaitia kwenye droo akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Kisha akaomba kadi ya matibabu ya bure, ile ya maskini, kwa kuwa matajiri hawaruhusiwi kuwa nayo. Bi Kalunde akaitoa. Bwana Semkiwa akaikata kwa mkasi. Mkasi wao, niliuona, ulikuwa butu.

Kwenye dirisha la jirani alisimama Mkurugenzi Pazi Lukindo mwenyewe, naye kaja kwa habari ya milioni zile zile thelathini. Kwake hazikuwa mapato. Zilikuwa gharama za uendeshaji. Akapunguziwa kodi, akaletewa chai, akapewa na ngao ya Mwajiri Msikivu. Alipopita nyuma yetu alimpungia mkono Bi Kalunde kama mtu anayeaga msibani.

"Mwanangu," Bi Kalunde alimwambia Bwana Semkiwa, "hakuna njia yoyote?"

Yule bwana akateremsha miwani ya watu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona. Akasema kwa sauti ya chini, "Ungekuwa na kidonda."

"Kidonda gani?"

"Chochote. Fidia ya kidonda haina kodi. Yote inakuwa huru, na barua, na kila kitu. Serikali ina huruma kwa walioumia."

"Ninacho," alisema Bi Kalunde, akaweka kiganja kifuani, pale pale palipokuwa na maandishi.

Bwana Semkiwa akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akamwonyesha rula ya chuma yenye nembo ya taifa. "Hicho hakipimiki. Serikali haiwezi kuona aibu, mama. Kidonda inakiona."

*

Nilitaka kujua sheria hiyo ilitoka wapi, nikamuuliza mlinzi, maana walinzi wa milango ndio wanaojua historia. Akanieleza kwamba zamani Waziri wa Hazina alikwenda kuzindua jukwaa la kuzindulia majukwaa mengine. Alipokata utepe, jukwaa likaporomoka, kwa kuwa utepe ndio uliokuwa umelishikilia. Waziri akachubuka goti. Akajilipa fidia milioni mia sita kutoka kwa serikali, na alipokumbuka kwamba atatakiwa kuzilipia kodi, Bunge likaitwa siku ya Jumapili. Kufika adhuhuri goti limekwisha kuwa sheria. Ndani yake waliandika kwamba kidonda sharti kionekane, kifikie upana wa sarafu, na kidumu muda wa kugonga mhuri. Goti la Waziri lilipigwa picha, na picha ipo ghorofa ya tisa, kwenye fremu ya dhahabu. Nilipanda kuitazama. Ni goti la kawaida.

Siku tatu baadaye Wakili Chande alikuja kibandani kwangu, akijua mteja wake hukaa hapo. Alikuwa na viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi.

"Mama yangu," alimwambia Bi Kalunde, "nimelipata suluhisho. Ni kofi."

"Kofi?"

"Moja tu. Mwajiri anampiga mfanyakazi mbele ya Mkadiriaji, alama inapimwa, mapatano yanahesabiwa kuwa fidia ya kidonda. Wanaita Kofi la Suluhu. Kila Alhamisi, ghorofa ya tatu. Watu wote wa maana wanafanya."

Bi Kalunde alikuwa anapinda upindo wa khanga yake mwenyewe, kwa kukosa ya mtu mwingine. Hakuacha. "Mkurugenzi Pazi anipige kofi."

"La kirafiki."

"Baada ya siku tatu za getini."

"Ile ya getini hakukugusa, mama, ndiyo shida yetu. Angekuzaba siku ile, leo tungekuwa tumekwisha kula pilau." Akakohoa. "Amekubali. Hadai hata senti. Anasema atafanya kwa moyo mmoja."

"Huwezi kunipiga wewe, wakili? Ishirini zangu si unazo?"

"Haifai. Mtu mwingine akipiga inahesabika ni huduma, na huduma ina kodi ya ongezeko la thamani. Lazima mwajiri mwenyewe, mkono mtupu. Pete inaruhusiwa."

Bi Kalunde alikata uzi kwa meno. Akatunga uzi mwingine sindanoni, mimi nikamaliza kisu kizima, pande zote mbili. Halafu aliniuliza, "Mzee, wewe ungekubali?"

Nikamwambia nimepigwa makofi katika nchi saba na sikulipwa hata moja. Hilo halikuwa jibu, na nililijua. Ningemwambia asiende. Lakini barua ilikuwa kwenye droo, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

"Nitakwenda," alisema. "Kofi linaisha. Ile karatasi haiishi."

*

Alhamisi ukumbi wa ghorofa ya tatu ulijaa. Waajiri walikaa viti vya mbele, vyenye mito. Wafanyakazi walipanga foleni ukutani, wameoshwa nyuso, maana poda na mafuta ni marufuku, yanaficha alama. Kulikuwa na mpishi wa miaka sitini na bibi aliyemfukuza kwa kuugua. Kulikuwa na mwalimu aliyedai mishahara ya miaka mitatu, na mwenye shule, mtu mnene anayenyoosha vidole kimoja kimoja kama mpiga kinanda. Jukwaani palikuwa na kapeti jekundu, meza, mhuri, rula na kipaza sauti. Bwana Semkiwa alikuwa mshereheshaji.

"Ndugu waajiri waheshimiwa, na ninyi majeruhi watarajiwa," alisema kwenye kipaza sauti. "Katika mataifa mengine mfanyakazi na mwajiri huachana kwa chuki, wanapeana karatasi kavu. Sisi tunaachana kwa kugusana. Hapa hapapigwi mtu. Hapa mwananchi anasaidiwa kupata msamaha wa kodi kwa njia ya shavu. Naomba makofi." Watu wakapiga makofi ya kawaida, ya viganja. "Ahsanteni. Sasa tuanze yale mengine."

Mpishi alipigwa akasema ahsante, kwa mazoea. Alama ilitosha. Mwalimu alipigwa, Bwana Semkiwa akapima, akatikisa kichwa: "Milimita mbili pungufu." Akapigwa tena. Mwenye shule akaomba radhi kwamba la kwanza lilikuwa la kupasha moto. Mwalimu akapimwa, akapita, akashuka na karatasi yake, mkono mmoja shavuni, na uso wake sitausahau, ulikuwa wa mtu anayejilazimisha kufurahi. Waajiri wengine walikuwa hodari mno. Walipiga mara moja tu na ikatosha, nikajua mazoezi wameyafanyia wapi.

Nilisema tangu mwanzo nchi hii ni nzuri na watu wake hawapigi kelele. Nimetembea sana, nimeona mikono ikikatwa, nimeona watu wakiuzwa kwa mzani. Lakini huko kote anayekupiga anajua anakupiga. Kule walikuwa wameupanga udhalimu foleni, wakaugongea mhuri, wakauita unafuu, na aliyezabwa kibao akateremka ngazi akishukuru kwamba safari hii wamemwachia chake. Laana ya nani iliyotufikisha pale? Na sisi mashahidi mia moja tusio na waajiri, tusiomwogopa mtu, tulikaa kwenye mabenchi tukipewa soda. Mimi niliinywa.

Wakaita: Kalunde Masanja na Mkurugenzi Pazi Lukindo.

Mkurugenzi alivua koti, akampa Wakili Chande alishike, na Wakili Chande akalishika. Bi Kalunde alipanda amevaa gauni alilolishona mwenyewe, kola imesimama wima. Bwana Semkiwa akaitoa barua akaiweka mezani, ili mlipakodi aone anachokwenda kupata. Niliona macho ya Bi Kalunde yakienda kwenye karatasi ile na kutulia hapo.

Mkurugenzi akaomba kusema machache. Akasema yeye ni baba kwa wafanyakazi wake wote. Akasema baba hampigi mtoto ila kwa upendo, na leo anatoa upendo wake bure, bila makato. Kisha akasogea, akainua mkono, na kabla hajaushusha akasema taratibu, akasahau kwamba kipaza sauti kiko kati yao:

"Simama vizuri. Kama ulivyosimama getini."

Ukumbi mzima ulisikia.

Bi Kalunde aliyaondoa macho kwenye barua. Mkono wa mtu aliyechoma sindano kwenye magodoro kwa miaka kumi na tisa si mkono wa bibi harusi. Ulitoka chini, haukuharakishwa, ukatua shavuni kwa Mkurugenzi Pazi Lukindo, na ngao ya Mwajiri Msikivu aliyokuja nayo ikadondoka kutoka mkono wa pili.

Mpishi, aliyekuwa mlangoni, alirudi ndani.

*

Sasa nawaeleza jinsi serikali inayofuata taratibu inavyofanya kazi. Bwana Semkiwa, kwa mazoea ya Alhamisi mia mbili, alichukua rula akaiweka shavuni kwa Mkurugenzi. "Sentimita kumi na moja," alisema. Karani aliyekuwa mezani akaandika na kugonga mhuri. Baada ya mhuri ndipo wote wawili walipokumbuka kutazama ni shavu la nani.

"Futa," alisema Mkurugenzi. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi.

"Haifutiki, mheshimiwa," alisema Bwana Semkiwa. "Mhuri ni mhuri."

"Basi huyu mwanamke akamatwe. Amenishambulia."

"Ndani ya ukumbi huu kofi ni huduma halali ya umma. Fomu inauliza tu nani ameumia." Akasoma fomu, akasoma tena, na nikaona jasho likimtoka kwa sababu fomu ilikuwa wazi kabisa. "Umeumia wewe. Kwa hiyo fidia ni yako."

Ikawa hivyo. Milioni kumi zilizokuwa zimezuiliwa akapewa Mkurugenzi Pazi, bila kodi, kwa kuwa alikuwa na kidonda kinachopimika. Kodi ya Bi Kalunde ikafutwa, kwa kuwa hana fidia tena ya kutozwa. Wakili Chande alibaki na ishirini zake, hakuna fomu iliyomgusa. Na barua, kwa kuwa ni sehemu ya fidia na haitenganishwi nayo, ikakabidhiwa kwa aliyeumia. Jina likabadilishwa kwa wino mweusi palipohitajika. Mkurugenzi Pazi Lukindo akashuka jukwaani na karatasi ya serikali isemayo kwamba yeye si mwizi wala hajapata kuwa mwizi.

Nilimtazama Bi Kalunde. Alikuwa ameshika kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, anakipapasa kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotezana naye.

"Kimebaki kifungu kimoja," Bwana Semkiwa alimwambia, akijaribu kuumaliza ukurasa. "Ni desturi tu. Mtoa kofi naye anaulizwa. Katika tendo hili umepata nini?"

Waajiri wote, miaka yote, walijibu *hakuna*, na kifungu kikapita. Wakili Chande alimkonyeza mteja wake kutoka chini, akitamka kwa midomo bila sauti: hakuna, sema hakuna.

"Nimepata faraja," alisema Bi Kalunde.

Bwana Semkiwa akaweka kalamu chini. "Mama, faraja ni mapato."

"Najua."

"Itatozwa. Kwa jedwali, faraja ya daraja la kwanza ni laki sita."

"Andika."

"Naweza kuandika *hakuna*. Sikusikia vizuri."

"Umesikia. Andika. Hii nitalipa." Akavuta kiti cha mbele, chenye mto, akakaa. "Na hapo chini pameandikwa *sababu ya faraja*. Nitakutajia, uandike kama ninavyosema, usifupishe."

"Kufupisha hairuhusiwi," alisema Bwana Semkiwa kwa unyonge.

Akamtajia.

*

Kuna kanuni kule iitwayo Kanuni ya Uwazi. Inasema kila malipo yanayotokana na ugomvi wa kazi yasomwe kwa kipaza sauti cha nje, pamoja na sababu yake, ili wananchi wajifunze. Hakuna aliyepata kuijali, kwa sababu siku zote zilizosomwa ni tarakimu.

Bi Kalunde aliomba kulipa kidogo kidogo, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, elfu moja na mia tano kwa mwezi. Kila tarehe tano anapanda kwa lifti, anasimama dirishani, na karani analazimika kufungua kipaza sauti. Nilikuwa chini nanoa, nikasikia mara ya kwanza, na mtaa wote ukasikia, hadi sokoni:

"Kalunde Masanja, faraja ya kumpiga kofi Mkurugenzi Pazi Lukindo, aliyemsimamisha getini siku tatu kwa jora alilolichukua Mkurugenzi mwenyewe na kulifanya mapazia ya sebuleni kwake. Imepokelewa na serikali, ni sahihi."

Na mhuri unasikika, pa.

Mkurugenzi alikata rufaa kwamba isomwe kimya kimya. Alijibiwa kwamba sauti haionekani kwa macho, kwa hiyo haihesabiki kumuumiza mtu. Alibandika barua yake getini. Watu wakaisoma wakauliza, sasa huyu nani alimwambia ni mwizi? Mapazia yale aliyatoa, madirisha yake yako wazi mpaka leo.

Mwezi wa tatu yule muuza maandazi alikuja kwangu na doti ya kitenge kwapani. Hakuniangalia usoni. "Mzee, yule mama wa kofi anashonea wapi?" Nikamwelekeza. Nilipokuwa naondoka nchi ile, kwa Bi Kalunde kulikuwa na vitambaa mpaka juu ya kitanda, na alikuwa ananiletea mkasi wake kila siku niunoe, haupati nafasi ya kukaa butu.

Nilipita kumuaga. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya darasa la nne, nikamwambia kwamba kwa mwendo ule deni litamchukua miaka thelathini na mitatu, na pengine angelipa yote mara moja sasa kwa kuwa anaweza.

Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kola ya mteja.

"Nina miaka hamsini na minane, mzee," alisema. "Nina haraka ya nini?"